Sahani Iliyorudi na Chakula

Basi la kutoka Iringa lilikuwa limeshaondoka Mikumi ndipo Makarius alipokumbuka kwamba begi lake limebaki ndani ya buti. Mkono wa kulia alikuwa ameshika paja la kuku, kiganja cha kushoto kilikuwa na chumvi yenye pilipili, na mdomo umejaa. Alisimama kando ya barabara kuu akilitazama basi likipotea kuelekea mbugani, akaendelea kutafuna taratibu, kwa sababu kutema kungekuwa hasara ya pili.

"Umeachwa?" aliuliza mwanamke aliyemuuzia kuku.

"Sijaachwa. Safari yangu inaishia hapa, naunganisha gari la Kilosa. Ila begi langu limeendelea kwenda Dar es Salaam."

"Lina nini?"

"Vifaa vyangu vyote vya kazi. Mimi fundi wa friji."

Mwanamke yule alicheka bila kujificha. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na kilemba alichokifunga kwa nyuma ili mvuke wa karai usikichafue. Wauzaji wenzake walikuwa wakikimbilia madirisha ya mabasi na kupiga kelele. Yeye alisimama penye jiko lake tu, na wateja walimfuata.

"Kwa hiyo umesahau riziki yako kwa ajili ya paja la kuku."

"Lingekuwa bawa ningeona aibu. Paja ni jambo jingine."

Akafuta mikono, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akampigia kondakta wa basi lile. "Haloo, Nassir? Domina hapa, wa Mikumi. Angalia kwenye buti, kuna begi." Akamgeukia Makarius. "La rangi gani?"

"Jeusi, zipu imeharibika, nimelifunga kamba nyekundu."

"Fundi mwenye zipu mbovu," alisema Domina, kisha akarudi kwenye simu. "Jeusi, limefungwa kamba nyekundu. Liache Doma pale kwa wauza nyanya, gari lenu la kurudi litaliokota. Haya, asante, kaka." Akakata. "Nenda zako Kilosa. Kesho utalikuta hapa kwangu."

"Yaani nirudi kesho?"

"Au hulitaki?"

Kesho yake Makarius alirudi amevaa shati la samawati lililonyooshwa mpaka mikono ikasimama, na marashi yaliyoshindana na vitunguu. Shangazi yake Domina, mama mnene aliyeitwa Costancia, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kola.

"Huyu," alisema, "hakufuata begi."

Na kweli, begi lilichukuliwa, lakini mwenye begi aliendelea kurudi.

Domina alikuwa na kawaida moja iliyojulikana na madereva wote wanaosimama Mikumi. Hakumuuliza mteja kama chakula ni kizuri. Alitazama sahani. Ikirudi tupu, alitabasamu. Ikirudi na chakula, alikwenda hadi mezani na kuuliza kwa upole, "Nimekukosea nini?" Watu wazima, waliozoea kubishana na trafiki, walishika tena kijiko na kumaliza.

Alikulia Ruhembe, katika nyumba za vibarua wa mashamba ya miwa, ambako mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko. Kwa hiyo kumpenda mtu, kwake, kulikuwa ni kumwekea kipande chenye mafuta. Makarius alipewa ngozi ya kuku iliyokaangwa ikawa kavu, supu ya ng'ombe yenye macho ya mafuta juu, na viazi vya karai la mwisho ambavyo vimelowa vizuri. Siku ambazo hakuja Mikumi, simu ilifanya kazi hiyo.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini?"

"Ugali na mchicha."

"Hicho si chakula, hiyo ni adhabu. Jumamosi uje nikulishe."

"Domi, hivi unanipenda mimi, au unapenda kunilisha?"

"Mimi sijaona tofauti."

Makarius alicheka peke yake chumbani kwake, Magomeni ya Kilosa, kati ya friji za watu zilizofunguliwa milango. Haukupita muda mrefu, mjomba wake alipeleka barua ya posa kwa shangazi Costancia, na barua ikapokelewa. Mama yake, Mama Bibiana wa Munisagara, mwanamke wa kanisani ambaye hakuwahi kuonekana hadharani bila kujitanda khanga, alimkagua Domina kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mikono yake inajua kazi." Hakuna aliyewahi kumsikia akisifu zaidi ya hapo.

Maumivu yalianza kama kiungulia. Makarius angekula vizuri, angecheka, kisha kitu kingembana chini ya mbavu za kulia na kupenya hadi mgongoni. Mara ya kwanza aliacha nusu ya supu. Jioni yote Domina alisugua sufuria moja ambayo ilishakuwa safi, na alipoagwa aliitikia akiangalia ukutani. Makarius aliona aibu kana kwamba amemtukana. Akaapa moyoni kwamba sahani yake haitarudi tena na chakula.

Basi akawa anakula yote, kisha anaaga kwamba anakwenda kupiga simu. Nyuma ya kibanda cha jirani kulikuwa na baa. Makarius aliegemea ukuta wake wa nyuma, akatapika, akasubiri maumivu yapungue. Kisha aliingia baa kununua soda ya tangawizi, ambayo ilimsaidia kucheua. Mwisho alitafuna peremende ili asinuke mdomo, akarudi kwa mchumba wake akitabasamu.

Jumamosi moja Domina alipita nyuma kufuata mkaa. Akamwona Makarius akitoka kwenye mlango wa baa, mkono tumboni, akijifuta mdomo kwa leso.

Alirudi jikoni na karai tupu. Alikuwa ameiona picha ile utotoni. Baba yake alikuwa akitoka hivyo hivyo kwenye vilabu vya gongo, mkono tumboni, na peremende mdomoni kwa ajili ya kumdanganya mama. Domina ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kumwita, na watoto wenzake walikuwa wakimfuata nyuma wakiiga mwendo wa baba. Baba alikufa kwa pombe ile. Domina alijiambia kwamba atavumilia umaskini, atavumilia hata mwanamume mwenye maneno mengi, lakini hatalala nyumba moja na mlevi.

Alimpigia Makarius simu alipokwishafika Kilosa.

"Makarius, unakunywa?"

"Nakunywa nini?"

"Usinichezee. Pombe."

"Mpenzi wangu, mimi na pombe wapi na wapi?"

"Leo ulikuwa baa."

"Nilinunua soda."

"Kwangu kuna makreti ya soda yamenifika shingoni."

"Nilitaka ya tangawizi."

"Na peremende?"

Jibu la kweli lilikuwapo, lakini lilikuwa hili: chakula chako kinaniumiza. Makarius alilizungusha mdomoni na kushindwa kulitoa.

"Baba yangu naye alikuwa akinyamaza hivyo," alisema Domina, akakata simu.

Jumamosi iliyofuata Makarius aliona hana njia nyingine ya kuomba radhi. Alikuja Mikumi, akaketi, akala kama anayelipa faini. Alikula paja na ngozi yake, akala kidari, akanywa supu mpaka akaliinamisha bakuli. Domina alimtazama kwa mbali, na hasira ikaanza kulainika. "Kumbe unanipenda," alisema akichukua sahani. Makarius alijibu kwa kichwa tu, kwa sababu jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

Asubuhi yake majirani wa Magomeni walimkuta sakafuni amejikunja, wakampeleka hospitali.

Mama Bibiana ndiye aliyempigia Domina. Domina alifunga jiko, akapika supu nzito ya kumrudishia mgonjwa nguvu, akaijaza kwenye hotipoti, na kupanda gari la Kilosa akiwa bado na gauni la kazi. Njia nzima alikuwa akiomba. Alipoingia wodi ya wanaume alimkuta Makarius amelala na dripu, macho yamekuwa ya manjano, na Mama Bibiana ameketi pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema kongosho limevimba. Vipimo vingine bado."

Kitanda cha pili kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akimuuguza kaka yake, mtu wa kujua kila kitu. "Kongosho?" alidakia. "Hiyo ni bia na gongo, dada. Binamu yangu aliipata hiyo hiyo. Ugonjwa wa walevi."

Domina alihisi uso ukimwaka. Alijiona tena mtoto wa Ruhembe njiani, na watoto wenzake nyuma. Akasahau kwamba mbele yake kuna mama wa watu.

"Basi umesikia mwenyewe, mama," alisema, na sauti yake iliyozoea kusikika katikati ya ngurumo za mabasi ikajaza wodi yote. "Mwanao ni mlevi. Nilimkuta anatoka baa, akaniambia soda. Anakula chakula changu, anakwenda kunywa, anarudi na peremende. Amenifanya mjinga, na wewe umeleta posa ya mlevi nyumbani kwetu."

Wagonjwa waliinua vichwa kumtazama.

"Domi," alisema Makarius kwa sauti ndogo, "si hivyo."

"Ni vipi? Sema hapa mbele ya mama yako."

Makarius aliiangalia ile hotipoti mkononi mwa Domina. Akaigeuza shingo, akatazama ukuta.

"Mwambieni mjomba wake afuate barua yake," alisema Domina. Akatoka na supu yake. Nyuma yake Mama Bibiana alivuta khanga mpaka ikamfunika uso, na hakuifunua mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha.

Kipimo cha ultrasaundi kilifanyika siku iliyofuata. Daktari Aneth, mwanamke kijana mwenye miwani na maneno machache, alimwonyesha Mama Bibiana picha.

"Hivi ni vijiwe, mama, ndani ya kifuko cha nyongo. Kimoja kimeshuka kikaziba njia, ndiyo maana kongosho limevimba. Kwake sioni pombe. Naona vijiwe."

Mama Bibiana alifunga macho. "Asante, daktari. Ungeweza kuyasema hayo kwa sauti, wodi isikie?"

"Siri za mgonjwa hatuzitangazi, mama. Lakini kuna jambo jingine. Tangu jana muuguzi anamwambia ale, hali. Na naambiwa wewe umemzuia."

"Ndiyo, nimemzuia. Shemeji yangu aliugua hivi hivi zamani. Walimfunga mdomo, akakaa na dripu, hata maji tuliambiwa asionje."

"Akapona?"

"Alipona. Lakini tulimtoa amebebwa, mifupa mitupu."

"Zamani ndivyo tulivyofanya," alisema daktari. "Sasa imeonekana kwamba mgonjwa kama huyu, asipotapika na akiweza kumeza, ni vizuri aanze kula mapema. Utumbo ukikaa bila kazi unadhoofika, na vijidudu hupata pa kupita. Si lazima aanze hata na uji. Ale chakula laini cha kawaida, kidogo kidogo. Wali laini, viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchemsha. Mafuta tu ndiyo tuyaweke mbali. Akishindwa kabisa tutampitishia chakula kwa mpira wa puani, lakini ni afadhali atumie mdomo wake."

Mama Bibiana alikubali, akapika viazi. Lakini Makarius alifunga mdomo. Kila kijiko kilichomkaribia kilimkumbusha ukuta wa baa. Mama alipombana sana, alilia, akasema yote: maumivu, kutapika, soda ya tangawizi, sahani.

"Mtu mzima," alisema mama yake polepole, "unafungua friji ya mtu na kumwambia bila woga kwamba compressor imekufa. Umeshindwa kumwambia mwanamke kwamba umeshiba?"

"Nilishindwa, mama."

Mama Bibiana alitoka hadi kwenye bustani ya hospitali, akapiga simu Mikumi.

"Shikamoo, mama," alisema Domina.

Marahaba ilichelewa mpaka Domina akadhani simu imekatika. "Marahaba. Sikupigii kukubembeleza. Mwanangu ana vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Daktari kanionyesha. Pombe haimo."

Domina aliketi juu ya gunia la mkaa.

"Na kuna la pili, nalisema mimi kwa sababu yeye hatakuambia. Mafuta yanamuumiza. Alipokuwa akitoka kwako kwenda nyuma ya ile baa, alikuwa akienda kutapika usimwone."

"Mbona hakuniambia?"

"Muulize yule aliyekuwa akikagua sahani zake." Mama Bibiana alivuta pumzi. "Sasa hataki kula, na asipokula watamtia mpira puani. Sijakuita. Nimekuarifu tu."

Domina alibaki na simu mkononi. Mbele yake karai lilikuwa likichemka, vipande vya kuku vikigeuka rangi kama kawaida, na mteja alikuwa akimwita. Alikumbuka ile Jumamosi, Makarius akiliinamisha bakuli huku jasho likimtoka, na yeye amesimama pembeni akihesabu kuwa ni mapenzi. Alitamani ardhi ya Mikumi impe mahali pa kujificha.

Shangazi Costancia alizima jiko. "Vaa nguo nzuri twende."

"Shangazi, nitaingiaje wodi ile?"

"Kwa mlango. Ule ule uliotokea."

Walipikia chumbani kwa Makarius, Magomeni, kwenye jiko lake dogo la gesi kati ya zile friji. Domina alichemsha wali mpaka ukalainika. Alimtoa perege ngozi, akamchemsha na nyanya, kitunguu na ndimu. Mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya mafuta, mpaka shangazi akaichukua na kuiweka nje ya mlango. Domina alionja, akakunja uso.

"Shangazi, hiki ni kitu cha kumpelekea mtu kweli?"

"Wewe ndiye utakayekila?"

Kwenye korido ya hospitali alikutana na Daktari Aneth, ambaye aliomba kufunuliwa hotipoti.

"Mafuta?"

"Sijaweka hata tone." Domina aliinamisha macho. "Daktari, ni chakula changu kilichompa ugonjwa?"

"Vijiwe vilikuwamo. Lakini ukila mafuta, kifuko hujikamua, na vijiwe husogea. Chakula chako hakikuvitengeneza. Kiliviamsha."

Halikuwa jibu la kumfariji, na Domina alilipokea lilivyo.

Alikuwa amevaa gauni jeusi lenye maua madogo, na khanga mabegani kama mwanamke aliyekwenda msibani. Alipoingia, wodi ilimtambua mara moja. Yule bwana wa kitanda cha pili alimgusa kaka yake waangalie pamoja. Domina aliweka hotipoti chini, akapiga magoti mbele ya Mama Bibiana.

"Shikamoo, mama. Nilisema mbele za watu, nasema tena mbele ya watu wale wale. Mwanao si mlevi. Mlevi alikuwa baba yangu, na mimi nikambebesha Makarius mzigo wa baba yangu. Nimekuvunjia heshima. Naomba unisamehe."

Mama Bibiana alimwacha magotini kwa muda.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Inuka, sakafu imetoka kudekiwa. Chakula weka hapo."

Yule bwana alinyoosha shingo kuchungulia. "Samaki wa kuchemsha, rangi ya maji? Kumbe posa ikivunjika na mchuzi unavunjika."

Wachache walicheka. Domina aliona masikio yakiwaka moto, lakini aliendelea kupakua.

Makarius alikuwa akimtazama. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. "Umefuata begi?" aliuliza.

"Nilikuwa na hasira mdomo umejaa," alijibu Domina, "gari likaniacha."

"Zipu yangu bado mbovu."

"Nimeiona." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukuniambia, Makarius?"

"Niliogopa utaniuliza umenikosea nini."

"Ningekuuliza."

"Najua."

"Na mimi nilitakiwa nikuulize unaumwa wapi. Nikakuuliza unakunywa." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Sijui nitaiweka wapi aibu hii."

"Weka chini kwanza, unipe kijiko."

Alikula mwenyewe. Kijiko cha kwanza alikishika mdomoni muda mrefu, akisubiri maumivu. Hayakuja. Akameza cha pili, na cha tatu, pamoja na kipande cha perege. Mama Bibiana alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, midomo yake ikitembea pamoja na ya mwanawe.

Kisha, sahani ikiwa nusu, Makarius aliacha kula. Kijiko kilibaki hewani. Aliutazama wali uliobaki, akamtazama Domina, na Domina akalihisi swali lake la zamani likipanda kooni, limejiunda lote, maneno mawili. Akaubana mdomo.

"Imenitosha," alisema Makarius.

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele yake.

"Haya," alisema Domina. Alichukua sahani. "Ukitaka tena baadaye utasema."

"Na nisipotaka?"

"Utasema pia."

Mama Bibiana aliegemea kiti. Makarius alifumba macho, kisha akaongea bila kuyafumbua. "Nikipata nguvu watanipeleka Morogoro nikatolewe hicho kifuko. Mjomba aliniambia hajaletewa barua. Iko wapi?"

Shangazi Costancia, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alijibu badala ya Domina. "Iko kwenye sanduku langu. Mimi sikuirudisha. Nilijua kinachochemka Mikumi kitapoa kikifika Kilosa."

"Basi ikae huko huko," alisema Makarius. "Nikirudi nitaitaka na jibu lake. Domi, utanioa na chakula cha kuchemsha?"

"Wanaume ndio wanaooa," alisema Mama Bibiana kwa ukali, lakini aligeuza uso ili wasimwone akitabasamu.

"Nitakuchemshia," alisema Domina. "Wageni watakula pilau, wewe utakula samaki wa rangi ya maji. Na huyu bwana wa kitanda cha pili tutamwalika aje akucheke."

Alitoka na sahani kwenda kwenye bomba la nje, ambako wauguzaji huoshea vyombo. Wanawake walikuwa wamejipanga. Angeweza kuifunika kwa khanga, lakini hakuifunika. Mmoja wao aliutazama ule wali na kipande cha samaki, kisha akamtazama usoni kwa huruma.

"Pole, dada. Mgonjwa wako amekikataa?"

Aibu ilimpanda Domina kama siku zote. Aliiacha ipande, akashika sahani kwa mikono miwili.

"Hapana, dada," alisema. "Ameshiba."